Nimepangiwa field tawi dogo la benki, nimepoteza semesta?

SWALI: Shikamoo dada. Nasoma fedha mwaka wa 2, semesta hii chuo kimetutoa wote darasani tukajifunze huko huko kwenye taasisi za fedha, unajaza logibuku, mwisho unaandika ripoti. Wenzangu wamepata kwa madalali wa hisa Dar, mimi niko tawi dogo la benki, wiki ya 2 sasa natoa kopi na kupanga mafaili tu. Roho inaniuma, nihame?
Mwanafunzi, Singida

JIBU: Marhaba mdogo wangu. Usihame. Na mimi nilianza na kopi, mwezi mzima, nilikuwa narudi geto nalia. Kilichonifungua macho ni jioni moja milango imeshafungwa, tela mmoja, yule wa dirishani anayepokea na kutoa hela, hesabu haibalansi, ana shoti (upungufu) ya elfu 50, hakuna wa kuondoka. Tukamwaga slipu zote mezani tukazipitia moja moja mpaka saa moja usiku ndo tukaiona: mteja kajaza kutoa 450,000 na kapewa 450,000, ila kwenye mfumo imeingia 400,000. Somo la udhibiti wa ndani nilikuwa nimelikariri nikafaulu vizuri tu, lakini nimelielewa usiku ule nikiwa nimeshika ile slipu.

Sasa hayo mafaili unayopanga ni ya nini? Kama ni ya mikopo basi umekalia hazina. Muombe afisa mikopo akuruhusu ufuatilie mkopo mmoja tu, toka fomu ya maombi mpaka rejesho. Hapo Singida tafuta wa mkamuaji wa alizeti. Huyo hela anaihitaji msimu wa mavuno anunue mbegu wakati bei iko chini, halafu anakamua na kuuza mafuta kidogo kidogo, sasa ukimpangia marejesho sawa kila mwezi kuanzia mwezi wa kwanza atayumba hata kama biashara yake ni nzima, jiulize benki imempangaje na kwa nini. Muombe afisa akienda kumtembelea mteja mwende wote, uione mashine, uone magunia yamebaki mangapi stoo. Jina la mteja usiliandike kwenye ripoti, hiyo ni siri yake.

Halafu chukua hesabu za robo mwaka za benki yoyote, zinatangazwa hadharani, angalia mstari wa mikopo chechefu, yaani ile isiyolipwa inavyotakiwa. Ule mstari unaanzia kwenye mafaili kama hayo ulonayo mkononi. NMB na CRDB zote ziko soko la hisa, kwa hiyo anayenunua hisa zao Dar ananunua na mikopo ya watu kama huyo mkamuaji wako.

Na usidhani wenzako wako kwenye ukumbi wa watu wanapiga kelele kama kwenye muvi. Biashara ya DSE, yaani Soko la Hisa la Dar es Salaam, iko kwenye kompyuta, na kuna siku hisa za kampuni kadhaa haziuzwi wala kununuliwa hata moja. Soko lenyewe lilianza 1998 na kampuni moja tu, TOL, ya gesi za viwandani. Ongea nao kila wikiendi, mbadilishane mliyoyaona.

SWALI: Dada mimi niko field Dodoma, nimejibana nina laki 5. Naweza kununua dhamana za serikali nijifunze kwa vitendo?

JIBU: Unaweza, ni kama kuikopesha serikali, na dhamana za muda mfupi (Treasury bills) zinaanzia hapo hapo laki 5, zipo za siku 35, 91, 182 na 364, Benki Kuu inaziuza kwa mnada na wewe unapitia kwa benki yako au dalali. Ila kama hiyo ndo hela ya kula, acha. Kabla hujalipa piga hesabu mwenyewe: ukinunua ya siku 364 kwa shilingi 94 na mwisho wa muda ukalipwa shilingi 100, faida yako ni 6 juu ya 94, ambayo ni kama asilimia 6.4, sio 6. Iandike kwenye logibuku siku hiyo hiyo.