Maswali na Majibu: Neno Moja la Kiingereza, Tahajia Mbili

SWALI: Mimi ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, na barua zetu huenda kwa mawakala wa meli, benki na mawakili. Nikiandika "colour", kompyuta hupiga mstari mwekundu; nikiandika "organize", mkubwa wangu hufuta z akidai ni Kiingereza cha Marekani. Nimfuate nani? – Msomaji, Mombasa.

JIBU: Ndugu msomaji, shule, mahakama na ofisi za serikali hapa nchini hufuata tahajia ya Uingereza, kwa hiyo barua inayotoka kwenu iandikwe "colour", "labour" na "centre". Tahajia isiyo na u si kosa: Noah Webster aliitia katika kamusi yake ya mwaka 1828 na Wamarekani wakaishika, ilhali Waingereza walibaki na ile iliyokuwa imetiwa nguvu na kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755.

Kuhusu z, mkubwa wako ana haki nusu tu. Kamusi kuu ya Oxford hutanguliza "organize" kwa hoja kwamba kiambishi hicho asili yake ni Kigiriki, na Shirika la Afya Duniani, ambalo hufuata tahajia ya Uingereza, hujiandika "Organization". Hata hivyo, Waingereza wengi hupendelea s, na ofisi ikishachagua s, ni bora kila karani aishike. Maneno kama "advertise", "supervise" na "exercise" hayana mjadala, kwani hayakubali z popote.

Linalonishughulisha zaidi ni "licence" na "license", kwa sababu katika kazi yenu hayakosekani. Kwa Waingereza, leseni yenyewe, ile karatasi, huandikwa kwa c, na kitendo cha kuitoa huandikwa kwa s; ndiyo maana wakala mwenye "customs licence" huitwa "licensed customs agent", na herufi zote mbili zinaweza kukutana katika sentensi moja bila kosa lolote. Wamarekani hutumia s kotekote. Vivyo hivyo, "metre" ni kipimo cha urefu, na "meter" ni chombo cha kupimia, kama kile cha umeme. Hukumu ya mahakama ni "judgment", bila e katikati, hata London.

Majina rasmi usiyaguse: Kilindini Harbour ina u, Pearl Harbor ya Marekani haina. Maelezo ya bidhaa katika hati ya shehena nayo yanakiliwa kama yalivyo. Muuzaji akiandika "gray" ya Kimarekani badala ya "grey", usimsahihishie, maana benki hulinganisha hati na hati.

Huo mstari mwekundu unatokana na lugha ya ukaguzi iliyowekwa. Katika Word, chagua maandishi yote, kisha uweke Kiingereza cha Uingereza. Aya uliyonakili kutoka barua pepe ya mteja huenda ikaja na mpangilio wake wenyewe, ndipo mstari ukarudi katikati ya barua. Usijaribu kubadilisha kila "ize" kuwa "ise" kwa amri moja, kwani "size" itageuka "sise" na "prize" itageuka "prise", na hiyo ya pili kompyuta haitaikamata, kwa kuwa nayo ni neno.