Bati nene halitapoza nyumba yako

SWALI: Salaam, wahandisi. Ninakaa Gulu, nyumba ya vyumba viwili, mita 6 kwa 5, kuta za tofali za kuchoma. Bati ni la geji 30, lina miaka tisa na limeshika kutu. Silingi hakuna. Kuanzia Desemba hadi Machi watoto hawakai ndani saa nane mchana, na hata saa nne usiku chumba bado kinachoma. Fundi ananishauri ning'oe bati lote niweke geji 28, eti ni nene, litazuia jua. Lakini mama yangu anakaa hapo hapo uani kwenye nyumba ya nyasi, na kwake kuna ubaridi mchana kutwa. Jambo jingine: alfajiri maji hudondoka kutoka kwenye bati na mvua haijanyesha. Ni matundu? Nifanye nini kwa pesa kidogo?

JIBU: Ndugu yetu, bati hilo usiling'oe kwa sababu ya joto. Geji 28 ina faida zake: haibonyei ovyo mvua ya mawe ikipiga, inachelewa kutobolewa na kutu, na fundi akiikanyaga haikunjiki upesi. Kuzuia joto hakumo. Geji 30 ni kama theluthi ya milimita, geji 28 haifiki nusu milimita, na chuma hupitisha joto haraka mno. Jua likishapasha upande wa juu, upande wa chini umeshapata moto ule ule, geji iwe yoyote.

Nyumba ya mama ndiyo inayofundisha hapa. Ot lum, kama Waacholi wanavyoiita, ikiezekwa vizuri huwa na nyasi za unene wa sentimita 20 hivi. Ukitaka chuma kizuie joto sawasawa na nyasi hizo, kingehitaji unene wa zaidi ya mita 100. Hatujakosea, ni mita. Siri iko kwenye hewa iliyonaswa ndani ya mabua na katikati ya mabua. Hewa iliyotulia hupitisha joto karibu mara elfu mbili pungufu ya chuma. Blanketi nalo hufanya kazi hiyo hiyo: halina moto wake, linashika hewa tu isitembee.

Sasa tuangalie bati lako linafanya nini adhuhuri. Jua kali bila mawingu huku kwetu karibu na ikweta hufikisha kama wati 1,000 juu ya kila mita ya mraba. Paa lako, ukihesabu na kingo zinazotokeza nje ya ukuta, lina mita za mraba 40 hivi. Bati lenye kutu hunyonya takriban asilimia 80 ya jua linalolipiga. Hizo ni wati 32,000, yaani pasi za umeme 32 zimewashwa juu ya vichwa vyenu kwa wakati mmoja. Nyingi ya nguvu hiyo huchukuliwa na upepo au hurudi angani, lakini bati lenyewe hubaki na nyuzi 60 hadi 70.

Fanya jaribio hili kabla hujanunua chochote. Saa nane mchana panda kwenye stuli, inua kiganja mpaka kibaki sentimita 10 chini ya bati, usiguse. Utasikia ngozi inachomwa. Hilo joto halikushuka na hewa, maana hewa ya moto hupanda, haishuki. Ni joto la mnururisho: linaruka kutoka kwenye bati hadi kwenye ngozi yako kama mwanga unavyoruka, na ndivyo linavyofika pia sakafuni, kitandani na kwenye vichwa vya watoto. Bati lenye nyuzi 65 humwaga kama wati 200 kwa kila mita ya mraba kuelekea chini. Sasa chukua ile karatasi ya fedha iliyomo kwenye pakiti ya sigara au ya chokoleti, ishike katikati ya kiganja na bati bila kuligusa. Joto litakatika papo hapo.

Watu wengi hushangaa hapo, kwa sababu alumini inapitisha joto kuliko hata chuma. Sufuria zetu ni za alumini kwa sababu hiyo. Lakini kwenye karatasi hiyo kazi haifanywi na unene, inafanywa na mng'ao. Uso unaong'aa wa alumini hautoi joto la mnururisho ila asilimia 5 hivi ya lile ambalo uso wenye kutu ungetoa. Karatasi inaweza kupata moto na bado isiwapelekee joto ninyi mlio chini. Sharti ni moja: lazima pawe na nafasi ya hewa. Ukiibandika ikagusa bati, joto litaingia kwa kugusana. Ukiibana juu ya ubao wa silingi huku uso wake unaong'aa umelala kwenye ubao, ubao ndio utakaopata joto na kuwamwagia. Hilo ndilo kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote, na mwenye nyumba huishia kusema karatasi haifai.

Kwa nyumba yako tungeanza na rangi nyeupe juu ya bati, kwa kuwa inazuia joto kabla halijaingia. Rangi nyeupe ikiwa safi hunyonya asilimia 25 hadi 30 tu ya jua badala ya 80. Kwanza zima taa, funga madirisha mchana, tazama juu: kila nukta ya mwanga ni tundu, lizibe. Kisha sugua kutu kwa brashi ya waya mpaka vumbi la kahawia liishe, osha, acha ikauke, paka mkono mmoja wa rangi ya kuzuia kutu, halafu mikono miwili ya nyeupe ya mafuta. Migongo ya bati huongeza eneo, kwa hiyo hesabu mita za mraba 44. Lita moja hufunika mita 8 hivi. Utahitaji makopo mawili ya lita 4 kwa rangi ya kutu na matatu ya lita 4 kwa nyeupe. Pakeni asubuhi, umande ukishakauka na bati kabla halijawaka. Rangi ikipakwa adhuhuri hukauka kabla haijashika, na mwaka unaofuata inabanduka kama magamba. Fundi akanyage kwenye mistari ya misumari tu, maana chini yake ndipo zilipo papi, yaani mbao zinazobeba bati.

Tahadhari mbili hapa. Wewe una bati kuukuu, lakini msomaji mwenye bati jipya linalong'aa asipake rangi ya mafuta moja kwa moja: zinki huikataa, inatoka vipande vipande. Atafute rangi ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya mabati ya zinki. Na chokaa msipake juu ya paa, hata kama ni rahisi. Mvua ya Aprili itaiosha, na kabla haijaoshwa inakula zinki. Kama mnakinga maji ya mvua, hakikisheni rangi haina madini ya risasi, na maji ya mvua mbili tatu za kwanza baada ya kupaka yamwagieni bustani.

Vumbi jekundu la barabara litafifisha weupe. Osha paa kila mwaka mwanzoni mwa Desemba, ukitumia ufagio laini na maji ya sabuni.

Baada ya rangi, karatasi ya alumini. Inauzwa kwa roli kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, ile iliyoimarishwa kwa nyuzi au plastiki katikati. Ya jikoni ni nyembamba mno, upepo utaichana wiki ya kwanza. Ibane chini ya mbao za kenchi ili pawe na nafasi kati yake na bati. Sentimita 2.5 ni kiwango cha chini kabisa, na kwa kenchi za inchi nne kwa mbili utapata kama sentimita 10, ambayo ni nzuri zaidi. Uso unaong'aa utazame chini, chumbani. Wengi huugeuza juu kwa kudhani unarudisha jua. Miezi ya kwanza utafanya kazi pia ukiwa juu, lakini vumbi hutua juu ya kila kitu, na karatasi iliyofunikwa vumbi imekufa. Uso wa chini haukusanyi vumbi. Pale karatasi mbili zinapokutana, zipandane sentimita 10 hadi 15. Usiivute ikakaza kama ngoma, kwani itachanika penye misumari.

Chini ya mgongo wa paa acha pengo la sentimita 5 hadi 8 bila karatasi, pande zote mbili, na kwenye kuta za pembeni, juu kabisa, toboa matundu ya kupitisha hewa. Hewa iliyopashwa kati ya bati na karatasi itapanda na kutoka hapo, na hewa nyingine itaingia kwa chini penye kingo. Bila njia hiyo umejenga tanuri lililofungwa mlango. Funika kila tundu kwa wavu wa chuma wa matundu yasiyozidi nusu sentimita, la sivyo popo watahamia. Kinyesi cha popo huozesha mbao na harufu yake haitoki kirahisi.

Tunaomba hapa usome pole pole: alumini inapitisha umeme. Zima swichi kubwa ya nyumba kabla ya kuanza, fuata kila waya uliopita darini, na usipige msumari wala pini mahali usipoona nyuma yake. Karatasi ikae mbali na nyaya na soketi za taa. Mwaka 2009 Australia ilipiga marufuku pini za chuma katika kazi hii baada ya fundi kufa kwa umeme, kwani pini moja iliyotoboa waya hugeuza dari nzima kuwa waya. Ukiwa na shaka yoyote, mlipe fundi umeme wa nusu siku akague kwanza.

Kama pesa ya roli haipo, mikeka ya mafunjo inafaa sana, na tunaipenda. Bua la funjo ndani yake ni kama sifongo kavu iliyojaa hewa, jamaa wa karibu wa nyasi za mama. Mikeka miwili iliyopandana, ikining'inizwa sentimita 10 chini ya bati, itakuletea nafuu kubwa. Iwe mbali na jiko. Sigiri isiwashwe chini yake hata siku ya mvua. Tapaulini ya plastiki nayo hupunguza mnururisho kama nusu, kwa kuwa yenyewe hupata moto kisha huumwaga upya. Ni afadhali kuliko bati tupu, lakini usitarajie zaidi ya hapo.

Joto la saa nne usiku lina mkosaji mwingine, na huyo ni ukuta. Bati huwaka haraka na kupoa haraka. Nusu saa baada ya jua kuzama limeshapoa. Tofali halina haraka. Ukuta wa tofali wa sentimita 23 humeza jua la alasiri na kulitoa upande wa ndani saa sita hadi nane baadaye. Gusa ukuta wako wa magharibi kwa ndani saa tatu usiku, kisha uguse ule wa mashariki: utaujua mwenyewe. Silingi haiponyi hilo. Kinachoponya ni kivuli: ongeza baraza upande huo lenye upana wa mita moja na nusu, au otesha migomba mita 3 kutoka ukutani, na lipu ya nje ipakwe rangi nyeupe. Madirisha yafunguliwe kuanzia magharibi hadi asubuhi yakiwa na wavu wa mbu, yafungwe kuanzia saa nne asubuhi, hewa ya nje inapoanza kuizidi ya ndani kwa joto. Hapo ule uzito wa tofali unakuwa rafiki, kwa sababu ubaridi wa usiku nao unachelewa kutoka.

Yabaki maji ya alfajiri. Kama mlipotazama mchana hamkuona nukta za mwanga, hayo si matundu. Usiku usio na mawingu bati humwaga joto lake kuelekea angani mpaka linapoa kuliko hewa inayolizunguka. Ninyi mkiwa mmelala mnatoa mvuke: watu wanne kwa saa nane hutoa zaidi ya lita moja ya maji kwa pumzi na jasho. Mvuke huo ukifika kwenye bati baridi hugeuka matone, sawa na chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Kwa mama hayadondoki kwa sababu upande wa ndani wa nyasi haupoi kiasi hicho, na nyasi zenyewe huvuta na kuachia unyevu taratibu.

Karatasi ikishafungwa, matone yataangukia juu yake. Kwa hiyo usiikate ikaishia juu ya ukuta. Ifuate mteremko wa paa, ipite juu ya ukuta na itokeze nje sentimita 5, maji yateremke na kudondokea uani. Ikiishia ndani, ukuta utalowa kwa juu na lipu itaanza kubanduka kabla ya msimu kwisha.