Kila Sufuria na Mwiko Wake

Juzi kijana wangu mmoja, mkono mwepesi wa chapati, kichwa kizito wa kusoma, alisimama katikati ya jiko na karatasi ya oda: "Kawaida 180, mboga 20, Jain 6." Akanyanyua uso. "Mama, huyu Jeni peke yake anamaliza sahani 6?"

Jiko zima liliangua kicheko: Jain si jina la mtu, ni mfuasi wa dini moja ya kutoka India. Nilicheka nao mpaka nilipomwona mwenzake, palepale pembeni, anautoa mwiko kwenye mchuzi wa ng'ombe, anaufuta ukingoni mwa sufuria, anauzamisha kwenye dengu. "Umepita tu, Mama."

Umepita tu! Hivi hamjajiuliza kwa nini Kiswahili kimekipa chombo cha kukorogea na jambo lisilotendeka jina moja?

Basi nimekaa kuandika, maana kusema nimeshasema nikakaukwa. Nina miaka 24 kwenye shughuli za Dar: harusi, arobaini, semina, uzinduzi wa matawi ya benki. Nimepikia watu wa kila dini inayopita daraja la Selander. Mimi mwenyewe ni Mkatoliki wa Peramiho, sikuzaliwa najua haya. Yasomeni kabla ya Jumamosi.

1. Usimuulize mtu dini yake. Muulize anakula nini, hali nini, na chombo chake kiguswe na nini. Sisi mjini tuna tabia ya kumwona mtu mwenye nywele laini tukasema "Mhindi", halafu tukajibu wenyewe maswali yote yaliyobaki. Bohora, Ithnaasheri na Ismailia ni Waislamu, biriani ya ng'ombe wanaila. Baniani ng'ombe hamgusi, na wengi wao hata yai ni nyama. Mgoa ni Mkatoliki kama mimi. Mwaka wangu wa pili kazini nilimficha mzee mmoja wa Kigoa trei ya kitimoto kwa heshima zote, nikamsogezea kachumbari na maharage. Akanivumilia kama dakika kumi, kisha akaniambia kwa upole: "Binti, nimeisikia harufu tangu getini. Iko wapi?"

2. Halali si ufunguo wa kila mlango. Hili ndilo mnalolikosea kila mwezi. Mnafikiri nyama ikichinjwa na Muislamu basi kila mtu amepona, kwa sababu Wakristo wengi wa kwetu wanakula bila neno. Lakini Sikh aliyekula kiapo cha amrit, yule wa kilemba, ndevu zisizokatwa na bangili ya chuma, amekatazwa kabisa nyama iliyochinjwa kwa ibada. Halali yako kwake ni haramu. Ukiwa na wageni wa aina hiyo mezani, mpe mboga safi na maziwa, usianze kumtungia hoja. Na suala la nani kachinja msilifanyie mzaha hata jikoni kati yenu. Februari 2013, kule Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa kuchinja uliondoka na roho ya mchungaji.

Upande wa pili, msidhani halali inaishia kwenye kisu cha machinjioni. Ubao uliokatia kitimoto asubuhi ukauosha kwa maji ya moto, wewe umeridhika. Umemuuliza mlaji?

3. Samaki. "Ah, samaki hana dini," aliniambia mmoja wenu. Ana dini tatu! Msabato anasoma Walawi 11: mapezi na magamba, basi. Kamba, kaa, pweza, ngisi na kambare vinatoka mezani. Shia Ithnaasheri naye anataka samaki mwenye magamba, ila kamba anaruhusiwa. Pweza na kaa hapana. Muislamu wa Kishafii wa pwani yetu, huyo pweza wa nazi ndiyo futari yake. Wasabato na Mashia sijawahi kusikia wamekaa kikao kimoja, lakini kuhusu kambare wamekubaliana.

4. Kufunga kuna maana nyingi. Machi 2025 nilipikia semina ya siku tano Arusha, na mwezi huo Mungu aliamua kunifanyia mtihani. Ramadhani ilikuwa imeanza siku chache kabla ya Jumatano ya Majivu. Waorthodoksi wa Ethiopia walikuwa kwenye mfungo wao mkuu wa siku 55. Halafu akatokea mama mmoja wa Kibahai, mpole kama maji ya mtungi, akasema naye amefunga, siku 19 za kwao zinaangukia Machi. Mratibu akaniambia, "Waliofunga waandalie futari." Nikamwambia dada, futari ya nani?

Maana Muislamu na yule Mbahai hawali wala kunywa mchana, ila likizama jua wanakula chochote kilicho halali kwao. Mwethiopia kula anakula, lakini nyama, maziwa, siagi na yai havigusi, kwa hiyo ile chai ya maziwa niliyomsogezea kwa furaha ilirudi kama ilivyokwenda. Mkatoliki siku ya Majivu anapata mlo mmoja kamili na nyama hali, samaki anakula. Na Baniani akikuambia leo ni ekadashi, siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi mwandamo, anachokwepa ni nafaka na kunde. Wali hapana, dengu hapana, lakini viazi, karanga na maziwa ndiyo chakula chake cha mfungo.

Futari ikichelewa baada ya adhana, usijitetee kwa foleni. Tende na maji viwe mezani robo saa kabla, mengine yatafuata.

5. Mboga. Hapa nitawachosha, nivumilieni.

Jain hali nyama, samaki wala yai, hiyo mnajua. Lakini pia anaacha kilichochimbuliwa ardhini: viazi, kitunguu maji, thumu, karoti. Msingi wa imani yake ni ahimsa, kutodhuru kiumbe. Ukiling'oa shina umeua mmea mzima pamoja na vijidudu vilivyokuwa vimejificha udongoni. Asali naye haonji. Wanaoshika sana hawali jua likishazama, wasije wakameza mdudu gizani. Ndiyo maana kiazi kile kile kinachomfuturisha Baniani siku ya ekadashi, kwa jirani yake Jain hakiingii jikoni.

Mwaka 2009 nilipata oda ya kumuaga mhasibu mmoja, mzee wa Kijain, kwenye ofisi ya forodha na mizigo ambayo sitaitaja. Sahani 120. Mkwewe alinifuata siku mbili kabla, akanieleza kila kitu kwa daftari, kwa utaratibu, kama anamfundisha mtoto kuvuka barabara. Nikafanya yote. Sufuria mpya, mafuta mapya, mvuje badala ya kitunguu na thumu, bizari nyembamba, njegere, giligilani. Chakula kitoke saa 11, kabla ya magharibi.

Ikabaki kama nusu saa nikaonja ule wali wake. Uliniponza moyo. Niliuona umepooza, hauna mwili. Pembeni palikuwa na supu ya makongoro imechemka tangu asubuhi, imekuwa nzito, inang'aa. Nikamwonea huruma mzee wa watu. Sikilizeni vizuri: nilimwonea huruma. Nikasema moyoni, siku yake ya mwisho kazini anakula chakula cha mgonjwa. Supu si nyama. Nikamtuma msaidizi upawa mbili, nikanyunyizia, nikafunika kawa, nikapalia makaa juu.

Mzee alikula. Akaongeza. Kisha akaja mwenyewe jikoni, sahani mkononi, suti yake ya kuagwa, akitabasamu. "Mama, wali huu umeweka nini? Nyumbani hatujawahi kuupata hivi."

Hapo nilikuwa bado na nafasi ya kuwa mtu. Nikasema: "Mvuje, mzee. Mvuje na bizari."

Akaniomba nimwandikie mkewe. Nikatafuta kalamu, kweli nikaitafuta. Na yule msaidizi wangu, kijana asiye na ubaya wowote, anapita na karai la sambusa, akasema kwa kicheko, "Mwambie na makongoro, Mama!"

Alidhani tunataniana.

Mzee aliiweka sahani mezani taratibu, kama kitu chenye uhai. Akaniuliza, "Ulijua?" Nikasema nilijua. Akasema, "Miaka 63," akatoka nje. Nilimwona dirishani, ameinama kwenye bomba la bustani, anasukutua, tai ameitupa begani. Ndani MC alikuwa anamwita jina lake kwenye kipaza sauti, watu wanapiga makofi, naye yuko bombani.

Ofisi ililipa pesa zote. Mkwewe alikuja kuchukua vyombo vyao, hakunitukana, alisema tu kwamba baba amefunga siku tatu kwa maji ya kuchemsha. Ningeshukuru angenitukana. Nilirudi nyumbani nikawa najitetea peke yangu kwenye daladala: hakufa, hakuumwa, alikula akaongeza. Ndiyo, aliongeza kwa sababu aliniamini! Nilitoka nimejifunza kwamba kosa la makongoro lilikuwa la dakika moja, na lile la mvuje ndilo lililonishinda kulala.

Halafu ikafika Agosti. Nipo Kariakoo nanunua nyanya, simu ikaita, namba siijui. Ni yeye. "Mama, kama nimewahi kukukosea kwa neno, kwa tendo au kwa wazo, naomba unisamehe. Micchami dukkadam." Nilisimama pale na tenga la nyanya. Nikajibu nini? Nikajibu, "Hamna shida, mzee wangu," kama mtu aliyeombwa radhi kwa kukanyagwa kiatu. Akakata. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba Wajain wana siku nane za toba, Paryushan, na siku ya mwisho hupita kwa kila waliyewahi kuhusiana naye wakiomba msamaha, hata kwa kosa wasilolikumbuka. Sikumpigia. Niliogopa. Nilipopata ujasiri wa kuuliza, nikaambiwa amehamia kwa mwanawe Uingereza.

Kwa hiyo mkiniona naufokea mwiko, si wazimu.

6. Haya mengine haraka haraka. Myahudi anayeshika sheria ya chakula: nyama na maziwa havikutani hata kwenye chombo, kwa hiyo mpeni matunda mazima na maji ya chupa yasiyofunguliwa, mkubali mmeshindwa. Mtawa wa Kibudha wa mila ya Sri Lanka, kama wale wa Upanga: chakula cha mwisho kabla ya saa 6 mchana, na umkabidhi mkononi au kwenye bakuli lake, yeye hajipakulii. Shahidi wa Yehova: soseji ya damu hapana, na msimwimbie wala kumkatia keki ya siku ya kuzaliwa kwa kumshtukiza, mtamharibia siku. Msabato: kupiga naye hesabu ni kabla jua halijazama Ijumaa. Swaminarayan, dhehebu la Baniani: mboga bila kitunguu wala thumu, lakini viazi anakula, msimchanganye na Jain. Jelatini kwenye pudingi: someni kopo.

7. Kupakua nako ni ibada. Bohora hawataki bufee. Wanakaa kama wanane kwenye sinia moja, wanaanza kwa kuonja chumvi, kisha kitamu, kisha cha chumvichumvi, na punje haitupwi. Kwa hiyo chumvi isipofika mezani, hakijaliwa kitu, na wewe uko jikoni unapanga leso.

Na kama mtapita barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, simameni Makindu, kwenye gurdwara, hekalu la Masikhi, iliyopo tangu 1926. Msafiri yeyote anakula bure. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakula, dreva wa lori ubavu kwa ubavu na daktari. Wanaiita langar. Niliwauliza kwa nini hawaweki hata kipande cha kuku, na wao wengine nyumbani wanakula. Mzee aliyekuwa anapakua dengu akanijibu bila kuacha kazi, "Tukiweka kuku, nani atabaki nje?" Kisha akanionyesha sinki, nikaosha sahani hadi basi liliponipigia honi. Ni jiko pekee nililowahi kuingia ambalo mwiko mmoja unatosha.

Letu halitoshi. Kuanzia Jumamosi: sufuria zenye uzi wa kijani ni za Jain na Swaminarayan, kiazi hakiingii humo, uzi mweupe ni mboga nyingine, zisizo na uzi ni za nyama. Mafuta ya sambusa za nyama hayakaangi bajia. Asiyejua aseme hajui, mbele ya mgeni, kwa sauti.

Na aliyechukua mwiko wangu wa uzi wa kijani akaenda nao kwao kusongea ugali, aurudishe kabla ya Ijumaa. Nimeshanunua mwingine, lakini nataka kumwona ni nani.