Muulize Shangazi: Ukindu Unakatika, Nami Nakata Tamaa

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mtu wa Tanga, nilihamia Dodoma na wizara. Kazini kwangu ni Mtumba, nyumbani ni Kisasa. Nikirudi jioni kichwa kinavuma mambo ya ofisi, nashika simu, nikija kushtuka ni saa tano usiku. Nikaamua nijifunze kazi ya mikono ili akili itulie. Nilianza na ukili, ule mkanda wa majani unaosukwa kisha kushonwa kuwa mkeka, maana marehemu bibi alikuwa akisuka barazani nasi watoto tumemzunguka. Mama akanitumia kwa basi mzigo wa ukindu, yaani majani ya mkindu ya kusukia. Nikisuka kidogo jani linakatika. Naunga, linakatika tena. Nikausukumia uvunguni. Nikahamia ufinyanzi: nilichota udongo mweusi mbugani, nikafinyanga vyungu vya maua kwa kufuata video, nikavianika uani. Kesho yake vyote vina nyufa. Sasa nimenunua uzi na sindano ya kufumia, na hata sijaanza najua nitaacha. Mume wangu anasema sina subira, ndivyo nilivyozaliwa. Je, subira inafundishika?
— Mhamiaji, Kisasa

Marahaba mwanangu. Mkwe wangu nitamjibu mwishoni. Kwanza tuutoe huo ukindu uvunguni, kwa sababu naona umehukumiwa bila shahidi kusikilizwa.

Tanga inapata mvua zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na bahari iko mlangoni. Sisi huku tunapata 500 hadi 600 hivi, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na ikifika Juni upepo wetu unapasua hata midomo. Bibi yako alisuka kwenye hewa iliyomlainishia majani. Wewe unasuka ukindu uleule kwenye hewa inayoyafyonza maji. Jani likikatika, kosa si la moyo wako. Tena nina hakika bibi alikuwa na kibakuli cha maji pembeni ambacho nyie watoto hamkukiona, kwa kuwa macho yenu yalikuwa kwenye rangi.

Fanya hivi. Usiku wa kuamkia siku ya kusuka, nyunyizia maji majani utakayotumia, uyaviringishe ndani ya khanga kuukuu iliyolowa kidogo. Usiyaloweke hadi yawe chepechepe, maana yakija kukauka yatasinyaa yakiwa yameshasukwa, na ukili utalegea na kuacha matundu. Wakati wa kusuka chomoa machache, mengine yaache humo humo. Kunja jani moja kwenye kidole: likilia, bado, likikunjika kimya, liko tayari. Hilo tu la kukunja na kusikiliza linataka utulie, hata kazi haijaanza.

Vyungu navyo vina maelezo. Mimi ni Mgogo wa Mvumi. Ukindu nimeujulia ukubwani, ila vyungu na vibuyu nimevikuta nyumbani. Ule udongo mweusi wa mbuga unavimba ukilowa na kusinyaa vibaya ukikauka. Si umeona mashamba yalivyopasuka kiangazi, mguu unaingia? Tafuta udongo wa mfinyanzi, na akina mama wanaouza vyungu ndio wa kukuelekeza unakochimbwa. Changanya na mchanga, au vigae vya chungu kilichovunjika uvitwange viwe chenga, ili usisinyae sana. Kisha usianike juani. Weka ndani, kivulini, mdomo wa chungu ukiufunika kwa kitambaa chenye unyevu, kwa sababu mdomo ni mwembamba na hukauka kabla ya kitako. Wenyewe unavuta, kitako kinakataa, ufa unatokea. Kwenye kuchoma ndiyo kabisa. Chungu kikiingia motoni na maji ndani ya udongo, maji yanageuka mvuke na chungu kinapasuka kwa kishindo. Ile video yako ilionyesha chungu kibichi, halafu papo hapo chungu kikavu. Siku zote za katikati walizikata, na kazi ya mfinyanzi iko mumo humo walimokata.

Haya, subira. Barua yako nimeisoma tena, na lipo jambo ambalo hewa ya Dodoma haihusiki nalo. Umeshika kazi moja, ya pili, ya tatu, zote peke yako, zote ukiwa umechoka, na kila moja uliitaka ikupe kitu cha kuweka mezani na utulivu pia, siku ileile. Hapo hata bibi yako angeacha.

Ushauri wangu: uzi uweke kabatini, rudi kwenye ukili. Nina sababu. Mkeka mmoja unataka ukili wa pima nyingi kabla hujafikia kuushona, kwa hiyo hakuna jioni utakayoumaliza, na ukishakubali hilo haraka inakosa kazi. Tenga muda mfupi usiobadilika, tuseme kati ya magharibi na isha. Simu ibaki chumba kingine. Usiifanye sheria kubwa. Vidole vyenye maji na simu havipatani tu.

Mawazo ya ofisi yatakuja. Yaache yaje, usigombane nayo. Lakini kila baada ya muda tandaza ukili mapajani uupitishe kidole taratibu kufuata njia za majani. Utakuta mahali jani limepita juu badala ya chini, na kuanzia hapo mstari wote umekwenda upande. Hapo ndipo ulipokuwa unajibu barua ya mkurugenzi kichwani. Fumua mpaka pale, usuke upya. Usilipite eti halitaonekana. Mkeka ukishonwa litaonekana, na wewe utaliona kila unapokaa. Wiki za mwanzo utafumua kuliko unavyosuka, na mimi siiti hiyo hasara. Watu wanalipia mafunzo ya kutuliza akili, na mwalimu wao hawezi kukuonyesha mahali hasa akili yako ilipotoka. Ukili unaweza.

Tena usisuke peke yako. Hapo Kisasa mmejaa watu wa pwani mliokuja na wizara. Ulizia, hutakosa mama aliyekuja kumlea mjukuu na anaujua ukili. Kaa ubavuni pake. Usimuulize maswali mengi, tazama vidole.

Na mkwe wangu mwambie majani yanatakiwa yachanwe membamba, yote yalingane upana. Mpe fungu moja achane yeye, halafu turudi kuzungumza nani amezaliwa bila subira.

Shangazi, mimi ni kijana wa kiume, naendesha bodaboda Kondoa. Nikisubiri abiria nafuma kofia za uzi, inanisaidia nisiwe na hasira wala nisibishane ovyo. Wenzangu kijiweni wanacheka, wanasema ni kazi ya kike. Niache?
— Mfumaji wa Kijiweni

Usiache hata kidogo. Ukija Dodoma mjini pita Soko la Majengo, utazame ni akina nani wamekaa nyuma ya vyerehani. Mbona hao hawachekwi? Au ni kwa kuwa cherehani ina kelele?

Hasira uliyoipunguza ni faida kwa abiria wako kabla ya kuwa faida kwako, kwa hiyo fuma. Baridi ya Julai ikishuka, yule anayecheka kuliko wote ndiye atakayekuja wa kwanza kuomba kofia. Mtoze bei kamili. Ila bunda la uzi litie mfukoni kabla ya kuwasha pikipiki, lisije likaingia kwenye mnyororo.