Masta ya kilimo endelevu ukitokea bayolojia

Ndugu yangu, umeuliza kama mtu mwenye digrii ya bayolojia anaweza kusoma masta ya kilimo endelevu wakati agronomia, yaani sayansi ya kulima mazao, hajawahi kuigusa. Inawezekana, programu nyingi zinapokea watu wa bayolojia, ila jipange mapema na sayansi ya udongo maana hapo ndo wengi wanakwama, naitrojeni inazungukaje, mikunde inashirikianaje na bakteria wa Rhizobium kwenye mizizi, mboji inasaidiaje udongo kushika maji. Usipoelewa hivyo utaishia kukariri tu.

Halafu takwimu, hili nalisisitiza sana. Anza kujifunza R sasa hivi, ile programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu, ni ya bure na itakusaidia mno kwenye tasnifu.

Mada ya utafiti chagua kitu kinachopimika ndani ya msimu mmoja au miwili. Kuna watu wanataka kupima kaboni ya udongo imeongezeka kiasi gani baada ya kubadili kilimo na wana miezi kumi tu, aisee, kaboni inabadilika polepole mno, inaonekana vizuri kwenye majaribio ya muda mrefu kama lile la ngano la Broadbalk, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, linaloendelea tangu 1843! Wewe pima unyevu, minyoo, au mavuno ya mahindi yaliyochanganywa na kunde.

Na kabla hujaomba nafasi, soma makala mbili tatu za msimamizi unayemtaka kisha mwandikie umuulize kama ana majaribio yanayoendelea shambani, ukiingia kwenye jaribio lililopo unaokoa muda kibao.