Kolesteroli ya baba imeshuka baada ya upasuaji wa moyo: aache vidonge?

Swali: Assalamu alaykum daktari. Babangu, mkazi wa Langoni, Lamu, alipasuliwa moyo India akawekewa mishipa mipya. Kabla ya kwenda, LDL yake (ile kolesteroli mbaya, inayoziba mishipa) ilikuwa 4.1. Wiki tatu baada ya upasuaji tumempima Malindi: LDL 2.1, ila triglisaridi (mafuta mengine ya damu) zimepanda. Anasema kolesteroli imekwisha, vidonge vya kuishusha havitaki tena. Na wali wa nazi je?

Jibu: Waalaykumu salaam. Asiache, hata siku moja.

Hiyo 2.1 msiifurahie bado. Vidonge vina mchango wao, lakini mwili wenyewe hushusha kolesteroli baada ya kupasuliwa. Kama damu ilipitishwa kwenye mashine, ilichanganywa na maji ikawa nyepesi. Hilo huisha baada ya siku chache. Linalochukua muda ni mwitikio wa mwili kwa jeraha: ini hubadilisha linavyotengeneza na kusafirisha mafuta, LDL inashuka, na HDL (kolesteroli nzuri) pia. Viwango hurudi polepole, kwa wengi ndani ya miezi miwili hadi mitatu. Triglisaridi zinaweza kupanda kipindi hichohicho, hasa ikiwa mzee ana kisukari au alikula kabla ya kutolewa damu. (Alikunywa chai ya maziwa na mahamri asubuhi ile? Muulizeni.)

Mpimeni tena atakapotimiza miezi mitatu, akiwa bado kwenye vidonge, na asile tangu usiku. Kwa mgonjwa kama yeye tunataka LDL chini ya 1.8, na miongozo ya Ulaya husema chini ya 1.4. Kwa hiyo hata hiyo 2.1 haijafika. Maabara ikiandika kwa miligramu, viwango hivyo ni 70 na 55.

Upasuaji haukusafisha mishipa ya zamani. Damu imetengenezewa njia ya kando tu. Mshipa uliotolewa mguuni kutengenezea njia hiyo haukuzoea presha ya mishipa ya moyo, na LDL ikiwa juu huziba mapema kuliko ule unaotolewa kifuani. Vidonge vinaulinda.

Nazi: zaidi ya asilimia 80 ya mafuta yake ni yale yanayopandisha LDL. Sitamkataza mzee wa Lamu nazi maisha yake yote, lakini tui liwe jepesi, lisiwe la kila siku, na samaki achomwe bila kupakwa tui.

Misuli ikimuuma bila sababu, amwambie daktari wake kabla ya kuacha dawa. Mkojo ukigeuka kahawia, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.