Dawa ya Kupuliza Puani Isiishie Kooni

Karibu mwaka mzima nilikuwa nikipuliza dawa ya mzio puani kila asubuhi, na bado naamka pua imeziba, chafya juu ya chafya. Nikaamini dawa ile haina kazi. Tundu la kulia lilipoanza kutoa damu, nikaenda kumuuliza mfamasia. Mama yule hakunibadilishia dawa. Alisema tu, "Hebu puliza nikuone."

Nikainua uso juu, nikachomeka ncha ya kichupa, nikabonyeza huku nikivuta pumzi kwa nguvu zangu zote.

"Unasikia uchungu kooni?"

Nilisikia.

"Basi umeimeza, mwanangu. Puani haikukaa."

Ndani ya pua si bomba lililonyooka. Takriban sentimita 2 tangu mlangoni kuna mahali pembamba kuliko kote, na matone mengi hugota hapo. Ukishapita hapo, kwenye ukuta wa upande wa shavu, kuna mikunjo mitatu iliyofunikwa na utando laini wenye mishipa mingi ya damu. Mzio unapokupata, utando huo ndio unaovimba na kuziba njia, kwa hiyo dawa inapaswa kutua pale. Matone ya kichupa yametengenezwa makubwa makusudi, mengi yakiwa kati ya mikromita 30 na 120 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ili yanase humo humo puani. Hayahitaji kuvutwa kwa nguvu. Ukiyavuta, yanateleza hadi kooni na unayameza.

Damu nayo ilikuwa na sababu yake. Nilikuwa napuliza tundu la kulia kwa mkono wa kulia, na mkono ukikaa hivyo ncha huelekea katikati, kwenye ukuta unaogawa pua. Ngozi ya ukuta ule ni nyembamba, na dawa ikiupiga mahali pamoja kila siku unakauka na kuchubuka. Mama yule akanifundisha kubadilisha mikono: mkono wa kushoto kwa tundu la kulia, wa kulia kwa la kushoto. Kichwa unainamisha mbele kidogo, ncha unaielekeza nje, kama unalenga kona ya nje ya jicho la upande huo huo. Unabonyeza, unavuta hewa polepole kama mtu anayenusa ua, basi. Kama ungeniuliza jambo moja tu la kushika katika haya yote, ningekwambia hilo la mikono.

Penga kamasi kabla ya kupuliza, usipenge mara tu baada ya kupuliza. Utando wa pua una vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo husukuma ute kuelekea kooni muda wote. Ndani ya dakika 15 au 20 vimeshabeba kilichokuwa juu yake. Dawa ina muda mfupi huo tu wa kupenya, na ikitua juu ya kamasi nzito haigusi utando kabisa.

Halafu kuna subira. Dawa za mzio za aina ya steroidi, kama fluticasone na mometasone, hupunguza uvimbe taratibu. Nafuu kamili inaweza kuchukua hadi wiki 2 za kupuliza kila siku, hata siku unayojisikia vizuri. Usizidhanie kuwa ni sawa na zile za kuzibua pua papo hapo, kama xylometazoline. Hizo hubana mishipa ya damu ndani ya dakika chache, lakini ukizizoea kupita siku chache pua huziba upya, vibaya kuliko mwanzo, nawe unazidi kupuliza. Mimi nisingezivusha siku 5.

Damu yangu ilikoma baada ya kubadilisha mikono. Yako ikiendelea, au pua ikiziba upande mmoja tu bila kuachia, nenda kwa daktari akuangalie ndani.

Na kichupa kipya, au kilicholala muda bila kutumika, kibonyeze kwanza hewani mpaka utoke ukungu uliosambaa vizuri. Mibonyezo ya mwanzo mara nyingi ni hewa tupu.